Mchembe Aliyetaka Kujua Chapa ya Samuye

Wapwa zangu, sogeeni huku kivulini. Jabali limeshashika moto. Ukilikalia utaruka kama bisi kwenye chungu.

Zamani maneno ya namna hii yalisemwa usiku, kwenye kikao cha shikome, moto ukifuka na wazee wakikohoa. Mimi nimeshindwa kungoja usiku. Nimepita hapa Samuye, Shinyanga, nimemkuta bibi yenu ameanika michembe juu ya jabali, na mchembe mmoja ameniuliza swali. Ndiyo, mchembe. Msicheke. Mkinicheka nanyamaza.

Kwanza nimweleze mtoto anayenisikia kutoka Pemba au Lamu. Mchembe ni kiazi kitamu. Bibi hukimenya kikiwa kibichi, hukikata vipande vyembamba, huvianika vikauke. Kikichemshwa kwanza, ndipo kikatwe na kuanikwa, hayo ni matobolwa. Kiazi kibichi kikishachimbwa hakikai sana. Mchembe hukaa hadi msimu mwingine. Unauchemsha, unautafuna na karanga, unashushia maziwa ya mgando, mchana unapita.

Sasa huyu mchembe alikuwa mwembamba, amepinda kama kiatu kilichonyeshewa. Akaniita. "Mzee," akasema, "nilitoka shambani nimejaa maji. Leo nikigongwa nalia kako. Nani kanikausha hivi?"

Nikamjibu, "Jua."

"Jua liko kila mahali," akasema. "Binamu yangu alisafirishwa Bukoba kabla hajakauka. Wakamwanika hukohuko. Akaota ukungu. Jua la Bukoba si jua?"

Mnaona? Kiazi kilichokauka, lakini akili bado mbichi. Swali zuri halina umri wala sura. Basi tumjibu, taratibu.

Kabla ya hapo, wewe unayekaa mbele, unaitwa nani? Limi? Jina zuri. Kwa Kisukuma limi ni jua. Na wewe? Mbula. Mbula ni mvua. Na wako mabibi wanaoitwa Nyanzala, kwa sababu nzala ni njaa, nao walizaliwa mwaka ambao ghala lilikuwa tupu. Wazee wetu hawakuwa na daftari la kuandikia hali ya hewa. Walikuwa na watoto.

Haya, Limi. Ulizaliwa jua likiwaka. Je, siku hiyo moja ndiyo Samuye yote?

"Hapana, mjomba. Labda kesho yake ilinyesha."

Umesema vema. Jina lako ni hali ya hewa. Hali, yaani vile mambo yalivyo leo. Sasa fikiri tumeandika majina ya watoto wote waliozaliwa hapa kwa miaka 30. Tukahesabu: akina Limi wangapi, akina Mbula wangapi, akina Nyanzala wangapi, na walizaliwa miezi gani. Orodha hiyo ndiyo tabianchi. Tabia ya nchi. Bibi yako akikufokea asubuhi, hiyo ni hali yake ya leo, labda kalala vibaya. Tabia yake utaijua ukiishi naye miaka. Wataalamu wa hali ya hewa nao wamekubaliana hivyo duniani kote: miaka 30 ndiyo kipimo cha kumjua bibi.

Mchembe akakohoa. "Bado hamjanijibu mimi."

Subiri, mchembe. Tutafika.

Tuanze na jua lenyewe. Baba yako mdogo anayechimba dhahabu kule Geita ana tochi ya kichwani. Mwambie akirudi aiwashe usiku mbele ya ukuta. Akiuelekea ukuta moja kwa moja, mwanga hufanya duara dogo, kali, linaumiza macho. Akiielekeza kwa ubavu, mwanga hutanda ukutani, mrefu na hafifu. Tochi ni ileile. Betri ni zilezile. Ila mwanga uleule umegawiwa ukuta mkubwa zaidi.

Jua ni tochi hiyo. Samuye iko karibu na mstari wa ikweta, kama nyuzi 4 tu kusini yake. Sisi tunamulikwa moja kwa moja. Watu wa Ulaya ya kaskazini wanamulikwa kwa ubavu. Na kuna siku mbili kwa mwaka, moja mwanzoni mwa Oktoba, nyingine kama siku kumi kabla ya Machi 21, ambapo jua hutusimamia utosini kabisa. Siku hizo, kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, simama uwanjani ukiwa wima. Tafuta kivuli chako. Kimejificha chini ya miguu.

"Mjomba, kwa nini siku mbili tu?"

Uliza, mpwa wangu, uliza. Ni kwa sababu dunia imeinama. Inalizunguka jua ikiwa imeinama upande, kama mama aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Kwa hiyo Juni tochi inamulika zaidi kaskazini, Desemba inamulika zaidi kusini. Likienda na likirudi, jua hupita juu yetu. Mara mbili.

Na mvua hulifuata jua kama ndama anavyomfuata mama yake, hatua kadhaa nyuma. Pale jua linapopiga sana, hewa hupata joto na kupanda juu. Pepo za kaskazini na pepo za kusini hukimbilia kuziba nafasi, hukutana, nazo hupanda. Ukanda huo wa mkutano ndio mama wa mawingu. Hupita kwetu ukishuka kusini Novemba na Desemba, na hupita tena ukipanda Machi na Aprili. Katikati, Januari na Februari, mara nyingi mvua husimama kidogo. Mahindi hujikunja majani, na watu wazima huanza kuangalia angani kila wakitoka mlangoni. Mnalijua jicho lile.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiweka Shinyanga pamoja na mikoa ya ukanda wa Ziwa Victoria, yenye vuli na masika. Tabora, jirani yetu wa kusini, imo kwenye kundi la msimu mmoja wa mvua. Sisi tuko kwenye mshono wa nguo. Kuna mwaka mshono unavutwa huku, kuna mwaka unavutwa kule. Likumbukeni neno hilo, mshono. Nitalirudia.

"Hewa ikipanda inakuwaje mpaka itoe mvua?"

Aa! Sasa tumwite fundi baiskeli. Hapa Shinyanga baiskeli hubeba abiria, na tunaiita daladala. Msikilizaji wa Dar es Salaam asichanganyikiwe. Fundi akijaza upepo, gusa pampu yake upande wa chini. Ina moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Kisha bonyeza ile valvu ya tairi, vuuu, weka kidole. Ni baridi. Hewa ikitanuka hupoa.

Hewa ya chini imebanwa, kwa sababu imebeba hewa yote iliyo juu yake. Ikipanda, mzigo unapungua, inatanuka, inapoa. Ikipoa, haiwezi tena kubeba mvuke wote iliokuwa nao, unageuka matone. Hilo ndilo wingu. Na ndiyo sababu mlimani kuna baridi: ukipanda mita 1,000, joto hupungua karibu nyuzi 6 na nusu. Samuye yetu iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Unaona tambarare tu, mbuga na majaruba ya mpunga, unadhani uko chini. Uko juu ya meza kubwa. Ndiyo maana usiku wa Julai unavuta blanketi, na mwenzako wa Dar es Salaam analala madirisha wazi.

"Kwa hiyo ni jua na kimo," mchembe akasema. "Lakini Bukoba nako ni juu, na jua ni la ikweta vilevile. Binamu yangu aliota ukungu kwa nini?"

Huyu mchembe angefaulu darasa la saba.

Twende barabarani, basi. Mmewahi kuliona basi la kutoka Dar es Salaam kuja Mwanza? Linaondoka Dar limejaa, watu na mizigo, mpaka kuku. Morogoro wanashuka. Dodoma wanashuka. Singida, Nzega, Tinde, wanashuka. Likifika Shinyanga unachagua kiti unachotaka. Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi ni basi hilo, na abiria wake ni maji. Hapo pwani umejaa. Ukigonga milima ya Uluguru au Usambara unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unashusha abiria. Ndiyo maana milima hiyo ina misitu mizito upande unaoitazama bahari. Nyuma ya milima, nafasi tupu. Nendeni Same mkaone: nyuma ya milima ya Upare, mikonge na vumbi. Dodoma, vumbi. Sisi huku tunapata abiria waliobaki, na kutoka Juni hadi Septemba basi linafika na dereva peke yake.

Kisha upepo unalikuta Ziwa Victoria. Hapo kuna kituo kikubwa. Abiria wapya wanapanda. Na kwa kuwa pepo nyingi huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi, abiria hao hawashuki kwetu kusini, hawarudi Musoma. Wanashukia Bukoba. Bukoba hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Musoma, iliyo ng'ambo ya ziwa hilohilo, haipati hata nusu yake.

Mchembe akanyamaza. Nadhani alikuwa anamwombea binamu yake.

Ziwa lina kazi nyingine pia. Jioni hii mwombe bibi sufuria mbili zinazofanana, kesho uziweke juani, moja tupu, moja imejaa maji. Saa sita gusa zote mbili. Tupu itakuunguza. Yenye maji ni vuguvugu tu. Gusa tena usiku. Tupu imepoa zamani, yenye maji bado ina joto lake. Maji ni mzee wa pole: hakasiriki haraka, na akikasirika hasamehi haraka. Kwa hiyo usiku ziwa lina joto kuliko nchi kavu. Hewa yake hupanda, na upepo wa nchi kavu huingia kutoka pande zote, unakutana katikati. Radi zinapiga ziwani usiku wa manane wakati kwenu nyota zinang'aa. Wavuvi wa Mwanza na Geita wanalijua hilo bila pampu wala sufuria. Wengine wamelilipia kwa maisha.

Sasa, mpwa wangu, umepata mafundi wanne: jua, kimo, upepo na maji. Wanne hawa hupika tabianchi kila mahali duniani kwenye chungu kimoja. Kiungo hiki kikizidi, kile kikipungua, ladha inabadilika. Ladha ni nyingi mno. Nani ataziweka kwenye mafungu?

Alitokea kijana mmoja. Alikuwa wa ukoo wa Kijerumani, lakini alizaliwa Urusi, mjini Saint Petersburg, mwaka 1846. Jina lake Wladimir Köppen. Wewe mwite Kepen, hatakasirika. Alisoma shule huko kusini, Simferopol katika rasi ya Crimea, kando ya Bahari Nyeusi, kisha akaenda chuo kikuu Saint Petersburg, kaskazini kwenye baridi. Safari ndefu. Na safarini aliona mimea inabadilika: pwani ya joto na mimea yake, kisha nyika ya nyasi isiyo na miti, kisha misitu ya misonobari, kimyakimya, iliyozoea theluji.

Watu wengine huona miti, wakalala. Köppen aliona miti akakosa usingizi. Alijiuliza: kwa nini mti huu unaishia hapa na hauvuki? Akapata wazo ambalo mimi nalipenda kuliko mambo yake yote. Badala ya kumuuliza mtu kama kwao kuna joto au baridi, kwa kuwa kila mtu husema kwao ndiko kunakofaa, ni afadhali kuuliza mti. Mti hauhami. Mti haujisifu. Mti umesimama hapo mchana na usiku, kiangazi na masika, na kama hali haikuufaa, haupo.

Mwaka 1884 alichora ramani ya kanda za joto duniani. Mwaka 1900 akatoa mafungu yake kamili, kisha akayarekebisha na kuyarekebisha mpaka uzeeni. Alikufa mwaka 1940, ana miaka 93. Baada yake Mjerumani mwingine, Rudolf Geiger, akaendelea kuyanyoosha. Mpaka leo ramani hizo huitwa kwa majina yao mawili.

Na alifanyaje? Alifanya kama mfugaji. Aliipiga nchi chapa.

Mnajua chapa ya ng'ombe. Chuma cha moto, herufi pajani, na hata ng'ombe akipotea mnadani mwenyewe anamjua. Köppen alichukua herufi tano: A, B, C, D, E. Twende tumtembeze mchembe wetu kwenye zote tano. Mtieni mfukoni.

Chapa A ni nchi ya joto mwaka mzima. Hata mwezi wake wa baridi kuliko yote haushuki chini ya wastani wa nyuzi 18. Unguja ni A. Bukoba ni A. Minazi na migomba inapenda hapo. "Mimi sipendi," akasema mchembe. "Nalowa."

Chapa C ni nchi ya wastani. Mwezi wake wa baridi unashuka chini ya 18, lakini hauendi mbali chini ya sifuri. Hiyo tunayo pia: Njombe, Makete, nyanda za juu za kusini, kwenye maparachichi na viazi mviringo, ambako asubuhi za Juni na Julai umande huganda juu ya majani. Mchembe alitetemeka mfukoni.

Chapa E ni nchi ambayo hakuna hata mwezi mmoja unaofika wastani wa nyuzi 10. Hapo mti hauoti. Usidhani ni lazima uende ncha ya dunia. Nenda Moshi, tazama juu. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, ni E. Chini yake kuna mpunga na ndizi. Juu yake kuna barafu, ingawa barafu hiyo inaendelea kupungua. Ndani ya mlima mmoja umepita chapa kadhaa, na hujavuka hata mpaka wa mkoa.

"Na D, mjomba?"

D hatunayo. D ni nchi ambayo baridi yake hugandisha kabisa, kisha miezi sita baadaye watu hutoka jasho. Urusi ya Köppen ni D. Hapa kwetu, mwezi wa Januari na mwezi wa Julai haitofautiani sana. Ni kama pacha, Kulwa na Doto. Kwetu mahali pakiwa pa baridi, ni baridi mwaka mzima. Pakiwa pa joto, ni joto mwaka mzima. Tofauti yetu kubwa si ya Januari na Julai. Ni ya mchana na usiku. Kwa hiyo mchembe hakupata D. Aliinung'unikia, kisha akasahau.

Imebaki B. Nimeiacha makusudi.

B haiulizi baridi wala joto peke yake. B inauliza kiu. Jua ni mgeni anayekunywa, mpwa wangu. Mnamimina mvua kwenye mtungi, naye yupo pembeni na kata yake. Akinywa kuliko mnavyomimina, nchi ni kavu. London hupata kama milimita 600 za mvua kwa mwaka, na kule ni kijani kibichi kila upande. Shinyanga hupata kati ya 600 na 900, na sisi tunaanika michembe. Kwa nini? Jua la London linakunywa kwa kijiko. La kwetu linakunywa kwa ndoo.

Köppen alitafuta hesabu ya kupima kiu hiyo. Chukueni kijiti, tuandike kwenye vumbi. Chukua wastani wa joto la mwaka. Kwetu tuseme 23. Zidisha kwa 20. Tumepata 460. Sasa angalia mvua inanyesha lini. Ikiwa sehemu 7 kati ya 10 au zaidi zinaangukia ile nusu ya mwaka yenye joto, yaani Oktoba hadi Machi kwa watu wa kusini ya ikweta, ongeza 280, kwa sababu jua linakunywa zaidi wakati huo. Ikiwa mvua imetawanyika, ongeza 140 tu. Jumla ni 740 au 600. Huo ndio mstari. Mvua yako ikizidi mstari, wewe si B. Ikipungua, wewe ni B. Na ikipungua hata nusu ya mstari, wewe ni jangwa kamili.

Haya, kumbukeni mvua ya mkoa wetu. Kati ya 600 na 900. Na mstari ni 740, au 600 ikiwa Aprili imetubebea fungu kubwa.

Limi ameshaona. Tazameni uso wake.

"Mjomba! Mstari unapita hapahapa!"

Unapita hapahapa. Unapita uani kwa bibi, kati ya jiko na zizi. Mshono niliowaambia. Upande mmoja ni Aw, herufi ya pili ikimaanisha kiangazi huangukia miezi ya baridi. Upande wa pili ni BSh: S ni nyika, h ni joto, kwa herufi za Kijerumani. Usishangae ukiona ramani moja imetupaka rangi hii, nyingine ile. Na sikieni jambo lingine, halafu mlifikirie mkiwa kitandani: wastani wa joto ukipanda nyuzi moja tu, mstari unapanda milimita 20. Mvua haijapungua hata tone, na bado umesogezwa upande wa kiu. Ng'ombe akishapigwa chapa, imetoka. Nchi inaweza kupigwa chapa upya.

Mchembe akafurahi sana. "Basi mimi ni wa BSh!" akaanza kujitapa kwa wenzake. Nikamwambia punguza, hujasikia sehemu ngumu.

Sehemu ngumu ni hii. Mwalimu Nyerere alipoiona Shinyanga miaka ya 1980, nchi ilikuwa imevuliwa nguo. Upepo unabeba udongo, mito ya mchanga, kuni zinatafutwa mwendo wa siku. Watu wakaiita jangwa la Tanzania. Kama Köppen angepita na kanuni yake ya kuuliza mti, angeuliza nani? Miti haikuwepo. Angepiga chapa ya jangwa na kwenda zake.

Lakini hesabu ya kijiti inasema nini? Jangwa la kwetu lingeanza chini ya 370. Sisi tulikuwa na mara mbili ya hiyo. Mvua haikusema jangwa. Shoka ndilo lililosema. Tangu enzi za wakoloni miti ilikatwa kwa maelfu kuwafukuza mbung'o, kisha pamba ikataka mashamba, ng'ombe wakataka malisho, jiko likataka kuni. Shahidi wa Köppen alikuwa ameuawa kabla ya kesi.

Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Na dawa iliyofaa kuliko zote haikutoka mbali. Ilikuwa ngitili. Wazee walikuwa nayo tangu zamani: unatenga kipande cha malisho, mvua ikianza unakifunga, ng'ombe haingii, nyasi na visiki vinachipua, kiangazi kikikaza unakifungua. Miaka ile ya 1980 zilikuwa zimebaki ngitili chache, karibu hekta 600 zilizohesabiwa. Ndani ya miaka kama 15 zikawa zaidi ya hekta 300,000. Migunga ikarudi. Ndege wakarudi. Asali ikarudi. Mvua? Mvua ilikuwa ileile.

Ndiyo maana nampenda Köppen, lakini simwachii kila kitu. Mti ni shahidi mkweli. Ila kabla hujamuuliza, hakikisha yupo.

"Mjomba, na wachimbaji wa Geita, wao wana chapa gani?"

Geita iko karibu zaidi na ziwa, mvua yake ni nzuri kuliko yetu. Ni A. Lakini mchimbaji haulizi herufi. Mvua ikizidi, mashimo yao, yale maduara, yanajaa maji, kuta zinalegea. Huyo naye anaangalia angani kwa jicho lile, ila anaomba kinyume na mkulima. Hata kwenye nyumba moja unaweza kukuta wawili hao, kila mmoja na dua yake. Sijui Mungu huwasikilizaje.

Sasa mbona umesimama, Limi?

"Bibi anaanua michembe."

Ee? Lakini jua linawaka. Hesabu yetu bado iko hapo kwenye vumbi. Mama, mbona unaanua? Kiangazi hiki!

Bibi hajibu. Anakunja mkeka, anakusanya vipande vyake mkononi, haraka haraka, kama mtu aliyesikia basi linapiga honi mbali. Amesimama kidogo, pua juu, ameitazama mbuga upande wa mashariki. Mchembe wetu ametupwa kwenye ungo na wenzake, bado anabishana.

"Mwambieni mimi ni BSh!" nasikia anapiga kelele. "Mwambieni!"

Tone la kwanza limeanguka kwenye 740.